Askofu wa kwanza wa Mombasa hakuanza kazi mwaka 1990

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, hata siku ile mlipochapisha picha ya feri ya Likoni mkaandika chini yake kwamba ni Mtongwe. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu historia ya Jimbo Kuu Katoliki la Mombasa, hata hivyo, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu ametuarifu, bila wasiwasi wowote, kwamba marehemu Askofu Mkuu John Njenga alikuwa askofu wa kwanza wa Mombasa, kwamba kabla yake hapakuwa na kitu ila wamisionari wa kupita njia, na kwamba hata hivyo imani ya Kikatoliki imedumu hapa bila kukatika tangu enzi za Wareno. Sijui mtu anawezaje kuamini yote hayo kwa pamoja, lakini mhariri uliyapitisha.

Hao Wareno sitakaa nao sana. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agustino wakafuata kabla karne ile haijaisha. Mwezi wa Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea na kumbatiza huko Goa kwa jina la Dom Jerónimo, aliwageuka, akamuua kapteni wa Ngome, na Wakristo wengi wakauawa mjini. Mwaka 1698 Waomani wakaitwaa Ngome baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na ukiacha kipindi kifupi Wareno waliporudi mwaka 1728 na kufukuzwa mwaka uliofuata, kanisa lile likaishia hapo. Askofu wa Mombasa hawakuwahi kuwa naye.

Mzizi wa jimbo letu uko Zanzibar, jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa hata kwa bahati mbaya. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1883 Zanzibar ikafanywa vikarieti ya kitume, yaani eneo la misheni lenye askofu lakini ambalo bado si jimbo kamili, chini ya Askofu Raoul de Courmont, Mfaransa. Ni kutoka katika vikarieti hiyo ndipo walipokuja Mombasa, na mwaka 1892 wakafungua misheni ya Bura kule Taita, kwa wazee wangu mimi. Baada ya de Courmont alikuja Allgeyer, kisha Neville, kisha Heffernan, kisha John McCarthy, na vikarieti hiyo hiyo ndiyo iliyopandishwa mwaka 1953 kuwa Jimbo Kuu la Nairobi. Tarehe 8 Mei 1955 Papa Pius XII akaimega pwani kutoka Nairobi na kuunda Jimbo la Mombasa na Zanzibar. Kwa hiyo kwa makaratasi ya Roma, Mombasa hii iliyokuwapo kabla Nairobi haijafikiriwa ni mtoto wa Nairobi, na Nairobi yenyewe ni Zanzibar iliyobadilishwa jina. Hilo peke yake lingempa mwandishi wenu makala nzuri kuliko ile aliyoileta.

Askofu wa kwanza wa jimbo hilo alikuwa Eugene Butler, Mwairishi wa shirika la Roho Mtakatifu, aliyeteuliwa mwaka 1957 akakaa hadi 1978. Ni katika wakati wake, Desemba 1964, mwaka wa Mapinduzi na Muungano, ndipo Zanzibar ilipoondolewa na jimbo likabaki na jina la Mombasa tu. Alifuatwa na Nicodemus Kirima, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, hadi alipohamishiwa Nyeri mwaka 1988. Njenga alitoka Eldoret mwaka huo huo akiwa askofu wa tatu, na Mombasa ilipofanywa jimbo kuu tarehe 21 Mei 1990 akawa askofu mkuu wa kwanza. Heshima yake ni kubwa ya kutosha. Hakuhitaji kuongezewa ya Butler na Kirima.

Pengine utasema haya ni mambo ya wazee wasio na kazi. Basi sikiliza. Dada yangu mkubwa alizaliwa Unguja, baba yetu akiwa karani huko, akabatizwa huko mwaka 1959. Mwaka jana yeye na mumewe, baada ya kuishi pamoja hadi wajukuu, waliamua kubariki ndoa yao, na mimi ndiye niliyemsindikiza katika ofisi ya parokia moja, ambayo sitaitaja, kupeleka cheti chake cha ubatizo. Cheti chenyewe kimekunjwa mara nne kwa miaka mingi hadi mikunjo imekuwa myeupe, wino wa padri umegeuka rangi ya kahawia, lakini muhuri wa mviringo unasomeka vizuri kabisa: Mombasa na Zanzibar. Kijana wa ofisini alikishika cheti kwa ncha za vidole, akakiangalia, akatuangalia, akasema jimbo kama hilo halijawahi kuwapo na kwamba cheti ni cha kughushi. Nilipomwomba afikiri tena alinyosha kidole ukutani, kwenye kalenda yenye picha za maaskofu, na picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya Njenga, chini yake mwaka 1990. "Mama huyu amebatizwa na nani miaka thelathini kabla ya askofu wa kwanza?" akaniuliza, tena kwa adabu, jambo lililonikera zaidi. Nikamweleza habari za Butler. Akanijibu kwamba Zanzibar iko Tanzania, kwa hiyo twende ubalozini. Dada yangu, mwanamke aliyeimba kwaya tangu misa ilipokuwa ya Kilatini, aliambiwa mbele ya watu waliopanga foleni kwamba ubatizo wake ni wa bandia. Ndoa ilibarikiwa miezi kadhaa baadaye katika parokia nyingine, baada ya barua kwenda Unguja na kurudi, na kufikia siku hiyo wageni waliotoka Voi na Wundanyi walikuwa wamekwisha kula pilau ya harusi ambayo haikuwapo na kurudi makwao.

Kijana yule simlaumu sana. Angejulia wapi? Kila parokia ikifanya jubilei inachapisha kijitabu cha rangi, na ukikifungua unakuta picha ya mgeni wa heshima, picha ya mwenyekiti wa kamati, picha ya mke wa mwenyekiti, tangazo la duka la mabati, tangazo la ukumbi wa harusi, halafu ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kutafutia miwani, historia ya parokia katika aya moja inayoanza na maneno "hapo zamani". Makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango hawamo, kwa kuwa hawakulipia tangazo. Kisha mwandishi wa gazeti anakuja, anakinakili kijitabu, na mwaka unaofuata kamati nyingine inalinakili gazeti.

Ninachoomba ni kidogo. Kwanza, mchapishe sahihisho, na lisiwe kule chini ya matokeo ya ligi ya kaunti. Pili, mwandishi wenu yeyote asiruhusiwe tena kuandika "wa kwanza" bila kuonyesha wa pili alikuwa nani na alianza mwaka gani. Akishindwa kumtaja wa pili, basi na wa kwanza hamjui. Tatu, kabla ya kuandika tena apige simu kwa padri yeyote mstaafu, na kama shida ni salio, nitumieni namba yake nimwekee ya shilingi hamsini, inatosha kabisa kuuliza Butler alikuwa nani. Sahihisho likitoka, naomba nakala mbili: moja nitaipeleka kwenye ile ofisi yenye kalenda, na ya pili ni ya dada yangu.

Msomaji wako,
Karani mstaafu,
Changamwe, Mombasa