Kwa mzee wa tochi, Stoney Littleton

Jumapili nilikwenda kuona kaburi la mawe la Stoney Littleton, karibu na kijiji cha Wellow, Somerset, Uingereza. Lina miaka zaidi ya 5,000. Simu ikaishiwa chaji, tope likanivua kiatu, jua nalo likizama. Mzee mmoja mwenye mbwa alikichomoa kiatu kwa fimbo yake, akawasha tochi. Akanionyesha kwenye mwimo wa mlango alama ya amonaiti, kiumbe wa bahari aliyejikunja kama konokono. Tukaingia tumeinama, vyumba vitatu kila upande. Kisha akanisindikiza hadi darajani na kuniachia tochi. Jina sikumuuliza, aibu yangu. Asante sana, mzee wangu. Mkienda huko, bebeni tochi mbili.