Kabla hujatia saini fomu ya utafiti wa vidonda vya mdomoni

Mwanangu,

Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatia saini. Kujitolea kwenye utafiti wa dawa ya kupaka si jambo la kuogopesha, ila fahamu kwanza kwamba vidonda hivyo vya kujirudiarudia hupona vyenyewe. Kile kisichofika milimita 10 huondoka ndani ya siku 7 hadi 14 hata ukikiacha. Mtu ukimpaka uji wa muhogo siku ya sita, siku ya tisa atakusifu kwa uganga. Ndiyo maana washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu: wengine hupewa dawa, wengine rojo linalofanana nayo lisilo na dawa ndani, na wewe wala anayekupima hamjui nani kapata lipi. Usimbembeleze nesi akudokeze.

Hakikisha kwanza una kidonda ambacho watafiti wanakitafuta. Hukaa penye nyama laini: shavuni kwa ndani, upande wa ndani wa mdomo, pembeni au chini ya ulimi, kikiwa na utando wa manjano au kijivu uliozungukwa na wekundu. Malengelenge ya nje ya mdomo, ya kwenye fizi au kaakaa gumu mara nyingi ni ya kirusi cha herpesi, na dawa ya steroidi, yaani ile ya kutuliza uvimbe na wekundu, ikipakwa hapo huweza kuyazidisha. Kidonda kilichopita wiki tatu hakingoji utafiti. Kipeleke kwa daktari wa kinywa na meno.

Kikianza, wapigie simu siku hiyohiyo. Tafiti nyingi hukataa kidonda kilichozidi saa 48, kwa kuwa baadaye huwezi kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya mwili. Usipake asali wala GV, ile dawa ya maji ya kuua vijidudu. Ile zambarau yake huficha mpaka wa wekundu, na mpimaji anatumia kijiti chenye alama za milimita. Maumivu utayapa namba kwenye kadi, 0 hadi 10, saa ileile kila siku. Kadi ya wiki nzima iliyojazwa ndani ya daladala ni hadithi tu. Ukisahau, acha wazi. Parasetamoli, kama wanairuhusu, iandike na saa uliyoimeza. Na usibadilishe dawa ya meno katikati ya utafiti, maana baadhi zina sabuni inayochokoza vidonda.

Kama ni rojo la kubandika, paka baada ya kula na kabla ya kulala. Ukitanguliza rojo, ugali utaondoka nalo. Nawa mikono, sukutua, kausha kidonda taratibu kwa pamba. Chukua rojo kama nusu sentimita, ligusishe mpaka lifanye utando mwembamba. Usisugue! Likisuguliwa huwa chengachenga kama mchanga, kisha hubanduka. Usile wala kunywa kwa muda watakaokuelekeza, mara nyingi nusu saa. Ukiona utando mweupe unaofutika, huenda ni fangasi, steroidi huwaleta. Piga simu, usingoje miadi.

Sasa karatasi. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na nakala yenye saini ibaki kwako. Tafuta ndani yake kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), bima ya washiriki, na simu ya kamati ya maadili yenyewe, si ya mtafiti peke yake. Uliza nani atalipa matibabu ukidhurika. Nauli ilipwe kila unapohudhuria: pesa inayoshikiliwa hadi mwisho hukufunga kamba, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Watakupima mimba pia, usishangae. Wakichukua damu, omba majibu yako ya madini ya chuma, foleti na vitamini B12, kwani upungufu wake huleta vidonda hivyohivyo na tiba yake haihitaji utafiti.

Nipigie picha kurasa zote za fomu, na zile za nyuma, kabla ya Ijumaa.

Mama yako