Tai wa majira ya baridi asirushwe kwa ajili ya picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie picha za ndege wawindaji wakiwa angani, yaani tai, mwewe, kozi na bundi, ambazo kila mwaka kuanzia Novemba huanza kujaa magazetini na mitandaoni, kwa kuwa huo ndio msimu ambao wapiga picha wa nchi za kaskazini hutoka kwa wingi kuwafuata. Mimi ni mpenzi mkubwa wa picha hizo na ni mmoja wa wanaozipiga. Ombi langu, kwa wapiga picha wenzangu na kwa ninyi wahariri mnaoamua ipi ichapishwe na ipi iachwe, ni kwamba ndege aliyetulia mahali pake katika baridi kali asirushwe kwa makusudi ili apigwe picha. Kumrusha kunamdhuru, na hata picha inayopatikana kwa njia hiyo huwa mbovu.

Wanaowafuata ndege hawa wakati wa baridi wana sababu nzuri. Miti imepukutika majani, hivyo tai aliyetua tawini huonekana kutoka mbali. Jua halipandi utosini. Hukaa chini mchana kutwa, na mwanga wake wa ubavuni huonyesha kila unyoya. Theluji nayo huurudisha mwanga huo juu, ukaangaza upande wa chini wa mabawa, ambao wakati wa kiangazi huwa kivuli kitupu. Zaidi ya hayo, maziwa na mito ikishaganda, tai wanaoishi kwa samaki hawana budi kukusanyika penye maji yaliyobaki wazi. Kwenye mto Chilkat huko Alaska, ambako hifadhi ya tai ilianzishwa mwaka 1982, maji yanayochipuka kutoka chini ya ardhi huuzuia mto usigande, na samoni wanaochelewa kupanda mto huwapa tai wenye vichwa vyeupe chakula wakati ambapo kwingine hakuna. Kwenye bwawa la Conowingo, jimbo la Maryland, tai haohao hukusanyika mwezi wa Novemba kwa sababu samaki wanaopitia kwenye mitambo ya umeme hutoka upande wa pili wakiwa wamezubaa. Na huko Rausu, kisiwani Hokkaido nchini Japani, tai wa Steller, ambao mabawa yao yakikunjuliwa huzidi mita 2, hutua mwezi wa Februari juu ya mapande ya barafu yanayoelea baharini.

Tatizo ni kwamba baridi hiyohiyo inayowaleta karibu nasi huwaacha bila akiba ya nguvu ya kuchezea. Mchana ni mfupi, kwa hiyo saa za kuwinda ni chache. Panya wamejificha chini ya theluji. Ardhi haipati joto la kutosha kuinua mikondo ya hewa ambayo tai huipanda wakati wa kiangazi bila kupiga mabawa, na hivyo kila safari anayoifanya Januari huilipia kwa misuli yake mwenyewe. Ndiyo maana hukaa. Mtu asiyewajua anaweza kumtazama tai aliyeganda juu ya mti kwa saa nyingi akadhani ni mvivu au amechoka, kumbe anatunza nguvu zake kwa uangalifu mkubwa, akingoja nafasi iliyo na uhakika wa chakula. Akija mtu akampigia makofi, au akamkaribia hatua kwa hatua mpaka aruke, amemtoza gharama ambayo haitalipwa siku hiyo. Na mara nyingi huyo si mtu mmoja. Habari za bundi aliyeonekana kwenye uwanja fulani husambaa kwa simu, na kufika jioni wameshapita watu wengi, kila mmoja akiamini kwamba yeye amemsumbua mara moja tu.

Kuna madhara mengine yanayofuata kuruka kwenyewe. Kunguru wakimwona bundi angani mchana humwandama kwa kelele na kumshambulia. Mwewe aliyekuwa ameanza kula huweza kukiacha kitoweo chake, na asikipate tena. Aliyekuwa ametua kwenye nguzo ya barabarani hukatiza mbele ya magari.

Sasa nije kwenye picha yenyewe, kwa sababu najua wapo wasioguswa na huruma lakini wakaguswa na ubora wa kazi. Ndege anayekimbia mtu hurukia upande usio na mtu. Kinachobaki kwenye kamera ni mgongo, mkia na nyayo, macho hayaonekani, na mwili wake umejikunja kwa hofu. Picha za namna hiyo ni nyingi mno, na mtu aliyezoea kuwatazama ndege huzitambua papo hapo. Anayeruka kwa hiari yake ni tofauti kabisa, tena hutoa taarifa mapema. Huinamisha mwili mbele, hukung'uta manyoya, mara nyingi hutoa kinyesi, kisha hukaza macho upande anaokusudia kwenda na miguu yake hukunjika kidogo. Kati ya ishara hizo na kupaa kwenyewe mpiga picha aliye macho hupata muda wa kuinua kamera, kulenga na kuvuta pumzi. Aliyekuwa akimkaribia kwa miguu hazioni, kwa kuwa anatazama mahali pa kukanyaga.

Jambo la pili ni upepo, na hapa ndipo naona wengi hawajapewa elimu ya kutosha. Ndege mkubwa hupaa na kutua akiukabili upepo. Kwa hiyo anayesimama na upepo mgongoni, jua nalo likiwa nyuma yake, hahitaji kumkaribia wala kumtisha ndege: akiamua kuruka, atakuja upande wake, uso ukiwa umeangaziwa. Katika nusu ya kaskazini ya dunia jua la adhuhuri wakati wa baridi liko kusini, hivyo siku ya upepo wa kusini ndiyo siku ya kutoka na kamera. Upepo ukivuma kutoka kaskazini, ndege ataukabili huo, na wewe uliyeligeuzia jua mgongo utaona mkia, hata kama umengoja tangu alfajiri. Siku hiyo ni afadhali kutafuta mahali pa kumpiga picha akipita ubavuni, au kumwacha. Kujua upepo kumeniletea picha nyingi nzuri kuliko lenzi yoyote niliyowahi kuinunua.

Kuhusu mwanga, kipimo kilichomo ndani ya kamera huchukulia kwamba kila kitu kina kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye theluji hupunguza mwanga mpaka weupe ugeuke kijivu, na tai mwenye manyoya meusi hubaki bila jicho wala unyoya unaoonekana. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 2 (kila hatua huuzidisha mara mbili), na bora zaidi ni kuupanga kwa mkono na kuuacha hivyo hivyo maadamu jua halijabadilika. Kwani ndege akitoka mbele ya anga jeupe akapita mbele ya msitu wenye giza, mwanga unaomwangukia yeye ni uleule, kinachobadilika ni kilicho nyuma yake. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga, ya 1/2000 ya sekunde humtosha anayepiga mabawa, na tai anayeelea kwa utulivu huweza kupigwa picha kwa 1/1000. Wengi hupiga picha kutoka garini, na ni vyema, kwa sababu ndege humwogopa zaidi mtu anayetembea kuliko gari lililosimama. Ila kijoto cha gari kizimwe na dirisha lifunguliwe mapema, maana hewa ya moto inayotoka dirishani kukutana na ya baridi hutetemesha picha hata lenzi ikiwa ya bei gani. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, na kamera ifungwe ndani ya mfuko kabla ya kuiingiza nyumbani ili isishike unyevu.

Niseme pia juu ya chambo, jambo linalozua ugomvi mkubwa kuliko yote. Wapo wanaonunua panya hai na kuwaachia juu ya theluji mbele ya bundi, ili wampige picha akishuka na kucha zimekunjuliwa. Majira ya baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014, bundi weupe wa aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, walishuka kusini kwa wingi usio wa kawaida, mpaka mmoja akaonekana Florida na mwingine Bermuda, na wapiga picha wakawamiminikia. Ndege wa aina hiyo, ambao tangu mwaka 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limewaorodhesha miongoni mwa walio hatarini, wengi wao hawajawahi kuishi karibu na watu. Bundi anayejifunza kwamba gari likisimama kuna panya, huanza kuyafuata magari, na mwisho wa mazoea hayo ni kugongwa. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayoendeshwa na Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London, hayapokei picha zilizopatikana kwa chambo hai, nami naunga mkono uamuzi huo bila kusita.

Sidai kwamba kila chakula kinachowekwa ni kosa. Katika milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, pale Giant's Castle, kuna kibanda cha kujificha ambacho mbele yake huwekwa nyama na mifupa kwa ajili ya tumbusi, pamoja na yule mwenye ndevu anayekula mifupa, na kibanda hicho hutumika hasa katika majira ya baridi ya kusini. Mpiga picha amefichwa, barabara iko mbali, chakula ni mzoga, na wanaosimamia ni watu wa hifadhi. Kazi hiyo naiheshimu. Rausu naiona kwa mashaka zaidi, kwa kuwa samaki hutupwa kutoka kwenye boti za watalii, ingawa hata hapo hakuna kiumbe hai kinachoachiwa kiliwe ili mtu apate picha. Ikumbukwe vilevile kwamba kusini mwa Afrika baridi ndiyo msimu wa kutaga mayai kwa tumbusi hao na kwa tai mweusi wa miambani, kwa hiyo anayemrusha mmoja wao kutoka kwenye mwamba mwezi wa Juni huenda anaacha yai likipigwa na baridi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini suala hili lisiachiwe sheria. Jibu ni kwamba sheria nyingi zimetungwa kwa kuzingatia kiota. Huko England, kwa mfano, sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuwasumbua ndege adimu walioorodheshwa wakiwa wanajenga kiota au wako kwenye kiota chenye mayai au makinda. Ndege huyohuyo akiwa juu ya nguzo katika theluji ya Januari, katazo hilo halimfikii. Marekani sheria ya kuwalinda tai imekuwapo tangu mwaka 1940 na inakataza kuwabughudhi, lakini inahusu aina mbili tu za tai, si bundi wala mwewe.

Kwa hiyo pengo hilo litazibwa na wanaopiga picha na wanaozichapisha. Ninyi wahariri mna uwezo mkubwa hapa kuliko mnavyodhani, kwa sababu mpiga picha hufuata kinachochapishwa. Mwaka 2010 mashindano hayo ya London yalimnyang'anya ushindi mtu aliyeshinda mwaka 2009, baada ya majaji kuona kwamba mbwa mwitu aliyeonekana akiruka lango yaelekea alikuwa wa kufugwa. Waliuliza maswali, wakawashirikisha wataalamu, wakaamua. Gazeti halihitaji jopo la namna hiyo. Linatosha kumwuliza anayeleta picha ya bundi akishuka kwenye theluji: alikuwa umbali gani, aliruka kwa sababu gani, na je, kulikuwa na chakula kilichowekwa? Majibu yaandikwe kwa maneno machache chini ya picha. Anayekataa kujibu, picha yake isichapishwe. Na picha ikiwa ni ya bundi anayelala mahali pamoja msimu mzima, jina la mahali hapo lisitajwe mpaka aondoke, kwani kutajwa kwake gazetini kunatosha kuwaleta watu kabla ya mapambazuko.

Wapiga picha wenzangu nao nawaomba wamtazame bundi usoni kabla ya kusogea. Bundi aliyepumzika hufumba macho nusu. Akiyafumbua yote, akajirefusha na kukukazia macho, umeshafika karibu mno, hata kama hajaruka. Hapo rudi nyuma taratibu, kaa chini, na umwache ayafumbe tena.

Wako,
Msomaji na mpiga picha wa ndege