Risala kwa Mgeni Rasmi: Tunaomba Nyumba Salama ya Manusura

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na serikali, manusura mlio pamoja nasi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maadhimisho haya ya 30 Julai, Siku ya Dunia ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Tunatambua majukumu yako ni mengi, na kukubali kwako kuja kumetupa faraja kubwa.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wachache ambao mabinti zao waliahidiwa kazi za ndani ugenini, kisha simu zao zikawa hazipatikani. Mengine ya historia yamo kwenye kabrasha lako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa mno. Tumeleta mapinduzi ya uelewa. Jamii iliyosubiri kuona minyororo ndipo iamini mtu ameuzwa, leo inauliza nani kamlipia binti nauli, nani kashika pasi yake, na deni analokatwa kwenye mshahara linaisha lini. Tumefundisha kuwa Itifaki ya Palermo, mkataba wa kimataifa wa kupinga usafirishaji haramu wa binadamu uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000, haihesabu ridhaa ya mtu aliyedanganywa au kutishwa. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18, hata udanganyifu si lazima uthibitishwe: kumchukua kwa lengo la kumnyonya kunatosha kuwa uhalifu. Tunao pia wanachama hodari wa maigizo na fulana mpya mnazoziona.

Lakini uelewa umezaa jambo ambalo hatuliwezi. Watu sasa wanatoa taarifa, wanawake na watoto wanaokolewa, na usiku huohuo hatuna pa kuwapeleka.

Mwanamke aliyetoka mikononi mwa wahalifu analala kwenye benchi la kituo cha polisi. Mtoto anarudishwa kwa ndugu yuleyule aliyepokea fedha akamtoa, kwa sababu ndiye jamaa pekee anayejulikana. Wapo wanaomrudia wenyewe wakala aliyewasafirisha, kwa kuwa ndiye mwenye kitanda cha kuwapa. Wakala huyo anapajua nyumbani kwa manusura, anamjua mama yake na wadogo zake. Akipiga simu moja tu, shahidi hatokei mahakamani. Kesi inafutwa, na yeye anarudi kusaka wengine. Inatuuma sana, kwa sababu sisi ndio tuliomshawishi mwanamke huyo aseme.

Kifungu cha 6 cha Itifaki hiyo kinazitaka nchi zifikirie kuwapatia waathirika makazi yanayofaa, ushauri kwa lugha wanayoielewa, matibabu na mafunzo ya kazi. Zifikirie. Kwa unyenyekevu tunaona muda wa kufikiria umetosha.

Mheshimiwa, si mara ya kwanza ombi hili kusomwa kwenye jukwaa hili. Mgeni rasmi mmoja alituahidi jengo. Aliyemfuata aliahidi kulifuatilia jengo hilo. Mwaka jana tuliahidiwa vitanda na magodoro, navyo hatujaviona. Kila mara tulishukuru na kupiga makofi kwa dhati. Hatumlaumu yeyote, ila nakala za barua zetu za kukumbushia anazo katibu hapa meza kuu, na atafurahi ukizipitia kabla ya chakula.

Tunachoomba ni nyumba moja, yenye vyumba vya wanawake na vya watoto vilivyotenganishwa, mlezi wa usiku, mtaalamu wa ushauri nasaha, askari wa kike wa kuchukua maelezo hapohapo, na fungu la kuwatunza manusura hadi kesi zao ziishe, maana kesi hizi huchukua muda mrefu na wiki mbili za hifadhi hazimsaidii shahidi. Tunaomba pia nyumba hiyo isiwekewe bango wala kuzinduliwa mbele ya kamera, kwa kuwa wanaowatafuta manusura nao hutazama taarifa ya habari. Tutatafuta njia nyingine ya kukushukuru hadharani.

Mwisho, tunakuomba kwa heshima zote kwamba utakaposimama kutujibu, ututajie ofisi itakayoshughulikia, jina la afisa wa kumwona, na tarehe. Katibu ana kalamu tayari.

Tunaomba kuwasilisha.