Barua kwa mwanangu: chaja ya laptopu kabla hujapanda ndege

Mwanangu,

Habari za Iringa? Huku Uyole hatujambo, mvua zimeanza na viazi viko ardhini. Umeniambia unataka kununua ile adapta ya nchi zote uende nayo Ujerumani. Usiinunue bado. Chukua chaja ya laptopu yako, kaa dirishani penye mwanga, usome barua hii ukiwa umeishika.

Geuza kile kiboksi cheusi cha katikati uone lebo yake. Maandishi ni madogo mno, kwa hiyo yapige picha kwa simu uyakuze. Tafuta kwanza mstari wenye neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Ukikuta 100-240V na 50/60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa karibu kila nchi, na huhitaji transfoma yoyote. Ujerumani wanatumia volti 230 na hezi 50, sawasawa na sisi. Hata ungekwenda Marekani kwenye volti 120 na hezi 60, au Japani kwenye volti 100, ingefanya kazi ileile. Ndani ya kiboksi umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa wa DC, kama wa betri, kisha hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kushushwa hadi volti 19 au 20 zinazotakiwa na laptopu. Kwa hiyo chaja haijali sana ukuta unaleta volti ngapi.

Vitu vya moto ndivyo vinavyojali. Pasi, jagi la kuchemshia maji na draya ya nywele mara nyingi huwa za volti za upande mmoja tu. Pasi ya volti 120 iliyoletwa kutoka Marekani ikichomekwa Mbeya, nguvu yake hupanda karibu mara 3.7, wala si mara mbili, na huungua. Jagi letu la wati 2000 likipelekwa kule litatoa kama wati 545 tu. Adapta ya safari haisaidii hapo hata kidogo, maana inabadilisha umbo la pini, haigusi volti. Kwa Ujerumani hilo halikusumbui, ila likae kichwani kwa safari nyingine.

Kinachotutofautisha na Wajerumani ni plagi. Yetu ina pini tatu za mstatili, na ndani yake mna fyuzi. Yao inaitwa Schuko. Soketi yake imezama ukutani kama kikombe, ina matundu mawili ya duara, na pembezoni mna vibati viwili vya ethi, yaani njia ya usalama ya kupeleka umeme ardhini, kimoja kila upande. Sasa zitazame adapta nyingi za nchi zote. Upande wa Ulaya zina pini mbili nyembamba tu, hazina cha kugusa vile vibati, na mwili wake ni mnene hauzami mpaka mwisho wa kikombe. Uzito wa chaja unaivuta chini, pini zinagusana na soketi nusunusu, cheche zinaanza, plastiki inapata moto. Ethi nayo inakuwa imekatika. Chaja yenye waya wa pini tatu ikikosa ethi, ukipitisha vidole juu ya laptopu yenye ganda la bati utahisi inakutekenya, na spika hutoa mvumo. Mkondo huo ni mdogo, lakini hutakiwi kuuzoea.

Ndiyo maana nakuomba ubadilishe waya, chaja ibaki hiyohiyo. Chomoa waya unaotoka ukutani kuja kwenye kiboksi, utazame mdomo wake. Matundu matatu yaliyokaa kama mafiga huitwa C5, na ndio wa laptopu nyingi. Ulio kama tarakimu 8 ni C7, hauna ethi, na ni wa chaja zenye alama ya mraba ndani ya mraba. Mkubwa kama wa kompyuta ya mezani ni C13. Wewe unatafuta waya wenye mdomo kama wako upande mmoja na plagi ya Schuko upande wa pili. Ukija kuaga, pita Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, kwa wauza laptopu za mtumba. Mashine zinazotoka Ulaya huja na nyaya za huko, nazo haziingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo waulize kama wanazo pembeni.

Kabla hujalipa, soma maandishi yaliyopigwa juu ya waya. 3G0.75 ina maana nyaya tatu ndani, zenye unene wa milimita za mraba 0.75, na ile G inakuambia ule wa ethi, wa kijani na njano, umo. Ukikuta 2X0.75, ethi haimo. Plagi yenyewe iwe imeandikwa 16A 250V. Waya mwepesi usio na maandishi yoyote uache hapohapo. Ukiukosa mzuri Mbeya, nunua Ujerumani siku ya kwanza, kwenye duka lolote la vifaa vya umeme, na usiku wa kwanza utumie chaji uliyofika nayo.

Utakaporudi likizo na waya huo, nakusihi usiuchomeke kwenye soketi zetu kwa kutumbukiza kalamu tundu la juu. Najua kila mtu anafanya. Pini za duara hazishikwi vizuri mle, zinapanua bati za ndani, na waya unabaki bila fyuzi wala ethi. Weka ule wa zamani kabatini, uutumie ukirudi.

Kuhusu chaja ya akiba, soma mstari wa OUTPUT. Volti lazima zilingane na za zamani, ampea ziwe sawa au zaidi. 19.5V mara 3.34A ni wati 65, na ukiipa laptopu hiyo chaja ya wati 45 itachaji kwa kusuasua au itakataa kabisa. Chaja nyingi za Dell na HP zina sindano nyembamba katikati ya kichwa, ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Ikipinda au ikivunjika, laptopu inawaka lakini betri haijai, na watu hununua betri mpya bure. Usiikunje chaja kwa kuibana shingoni, acha kitanzi kilegevu.

Kama laptopu yako inachajiwa kwa USB-C, mambo ni mepesi zaidi. Nunua chaja moja ya wati 65 yenye plagi ya kule, itahudumia na simu. Angalia tu inatoa 20V kwa 3.25A, maana zipo zinazojiita za haraka lakini zinaishia volti 9 au 12. Kebo ya kawaida hupitisha wati 60, kwa hiyo juu ya hapo tafuta iliyoandikwa 100W au 5A.

Beba pia ekstensheni moja ya nyumbani na adapta moja imara ya kutoka plagi yetu kwenda Schuko, yenye vibati vya ethi ubavuni. Simu, taa na redio vyote vitakaa hapo. Pasi na jagi usivichomeke pamoja, maana adapta ya 10A inaishia wati 2300.

Chaja iwe kwenye begi la mkononi tangu uwanja wa ndege wa Songwe. Paua benki nayo hairuhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa chini. Ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74, na kikomo bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni 100.

Huenda unafikiri waya utakaoupata utaujaribu Iringa siku nzima kwa kuigeuza ile adapta ya ekstensheni. Haiwezekani, adapta hiyo ni ya upande mmoja. Tafuta ekstensheni yenye matundu ya duara yenye ethi, au mwombe muuzaji akujaribie palepale dukani. Kisha nitumie picha ya lebo na ya mdomo wa waya kabla hujatoa hela.

Mama yako