Kikombe Kinachovuja Bila Ufa

Kayole, Nairobi

Mwanangu Neema,

Hapa nyumbani hatujambo. Ila maji ya mgao yalirudi Jumatano usiku yakakuta koki ya jikoni iko wazi, tukaamka ndala zinaelea. Nyumba ya fundi wa mabomba! Mama yako bado ananicheka.

Likizo uliponieleza habari za heliamu nilidhani unanitania. Nimejisomea kwa simu, kumbe ni kweli. Gesi hiyo hiyo ya maputo, ikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, inakuwa kimiminika, nacho kinachemka. Kipoze zaidi, kikaribie 271, na mchemko unakatika ghafla. Kimya. Joto linasambaa ndani yake upesi mno hata mapovu hayapati pa kuanzia.

Hapo mnato, yaani ule uzito wa kimiminika kung'ang'ania kinapotiririka, unaisha, na hapo ndipo fundi anapotoka jasho. Maji hung'ang'ania kuta za mwanya. Ndiyo maana tepu nyeupe na washa ya mpira hunipa ugali. Lakini mwanafizikia Pyotr Kapitsa, kule Moscow, alibananisha vioo viwili hadi mwanya ukawa mwembamba kuliko unywele, heliamu ikapita tu. Allen na Misener wa Cambridge waliona vivyo hivyo kwenye mirija myembamba. Taarifa zao zote zikatoka Januari 1938. Ukiitia kikombeni ukakining'iniza, utando wake unapanda ukuta wa ndani, unavuka ukingo, unateremka nje, unadondoka tone tone kitakoni mpaka kikombe kinabaki kitupu. Na ufa hakina! Mteja gani angenilipa?

Zile gesi zako za atomi, ambazo nazo zikipozwa mno hutiririka bila mnato, zimenichosha kidogo. Nilichoshika ni kwamba mwaka 1995 wanafizikia Cornell na Wieman, kule Boulder, Marekani, walipoza gesi ya rubidi, aina ya metali, hadi ikabakiza chini ya sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri kamili, ile baridi ya mwisho isiyopitika. Baadaye, 2001, watu wa chuo cha MIT, Marekani, wakakoroga wingu la sodiamu kwa leza, vikatokea visulisuli zaidi ya 100, vyote sawa, vimejipanga kama masega ya nyuki. Nimekoroga chai sufuriani jana: shimo moja tu katikati, na nimemwaga nusu.

Sasa nifanyie jambo moja. Muulize mwalimu wako: huko maabara, koki ya heliamu hiyo wanaifunga kwa washa gani?

Baba yako