Huyo mtoto anayelia kwenye daladala ni wangu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mi ni fundi seremala pale Keko, gazeti lenu huwa nalisoma saa ya chai likishapita mikononi mwa mafundi watatu wanne, kwaiyo linanifikia lina vumbi la mbao na doa la chapati ila nalisoma lote. Sasa kuna msomaji aliandika humu kwamba watoto wa siku hizi wanapiga makelele kwenye daladala na kujirusha chini madukani kwa sababu wazazi wameacha fimbo, akamalizia na samaki mkunje angali mbichi. Mwaka jana ningemuunga mkono, tena kwa sauti. Mwaka huu siwezi, maana huyo mtoto anayelia kwenye daladala ni wangu bwana.

Ana miaka miwili na miezi minne. Dada yake alitembea akiwa na miezi kumi na moja na kufika mwaka na nusu alishakuwa anawasema majirani, sasa huyu wa pili tukawa tunampima kwa rula ya dada yake, hapo ndo tulianza kukosea. Alisimama dede akachoka, akakaa, akaendelea kutambaa mpaka miezi kumi na sita ndo akatembea. Katikati hapo maneno tuliyoyasikia jamani. Wakasema mtoto amebemendwa, na mnajua neno hilo likishatamkwa uani kinachofuata sio kumwangalia mtoto, ni kuwaangalia baba na mama nani alitoka nje ya ndoa. Mke wangu alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa khanga hata kwenda dukani tu ili watu wasione kama bado hatembei. Baadae sana nikaja kusoma kwenye simu kwamba Shirika la Afya Duniani lilishapima watoto wa nchi tano, ikiwemo Ghana na Oman, wakatoa majibu yao 2006, wakakuta watoto wazima kabisa wanaanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi minane na miezi kumi na saba na nusu hivi. Kumi na sita imo humo humo! Ningelijua hilo mapema ningelibandika ukutani pale uani.

Tukaja kwenye kumganda mama yake. Mke wangu yuko kwenye duka la mtu Kariakoo, anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto akiamka cha kwanza anatafuta vile viatu vyeusi vya mama yake vya kazini, akivipata anavikalia, yani anakaa juu yake kabisa kama kuku anayeatamia, ukimtoa analia mpaka anatapika. Sisi tukajiona wajanja, dada wa kazi anampeleka nyuma kuangalia bata wa jirani, mama mtu anachomoka mlango wa mbele peku viatu mkononi. Kila siku hivo. Akirudi kutoka kwa bata anazunguka vyumba vyote, anafunua hadi pazia. Na kesho yake anaamka mapema zaidi kuvilinda. Mi nikawa namlaumu mama yake kwamba kamdekeza, nikasema na mbele ya mama mkwe, kitu ambacho mpaka leo nakilipia.

Alafu hasira. Anataka kitu juu ya kabati, ananyoosha mkono anasema "ta", unampa kikombe, anakirusha, unampa ndizi, anairusha, "ta, ta, ta", mwisho anajibwaga chini anagonga kisogo kwenye sakafu na wewe umesimama na ndizi iliyopondeka hujui hata kosa lako. Kwenye daladala ya Mbagala siku moja abiria mzima wa suti akaniambia mzee huyo mtoto mkanye. Nilimkanya. Nilimchapa na kandambili nyumbani, sio mara moja, na nitasema kilichotokea: mtoto alijifunza kushika kandambili, akawa anamchapa nayo dada wa kazi. Hicho tu ndo alichokunjwa huyo samaki.

Kwenye maneno sasa. Miaka miwili imefika ana mama, ana ba, na hiyo ta ya vitu vyote duniani. Kila mtu ana jibu lake. Wa kwanza anasema mtoto wa kiume huchelewa, wa pili anasema mnamuwekea sana katuni (hapo palikuwa na ukweli, nilikuwa nampa simu ili nile kwa amani, na wataalamu wanasema chini ya miaka miwili asipewe kabisa na wa miwili isizidi saa moja kwa siku), bibi yake upande wangu akasema ana udata huyo, yani ulimi umeshikwa kwa chini, kuna mzee anakata kwa wembe dakika moja tu na mtoto anaanza kuongea. Wembe huo huo ndo unakata na vimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Nashukuru nilikuwa na kazi ya kabati ya haraka wiki ile, sikupata nafasi ya kumpeleka. Nasema ukweli, sio busara iliyotuokoa, ni oda ya mteja.

Na hicho kibanda changu ndo kilichonifumbua macho. Jumamosi moja nilikwenda nae kazini, kakaa kwenye maranda anachezea vipande. Nikamwita kwa nyuma, kimya. Nikaita tena kwa jina lake kamili, kimya. Nikasema kiburi hiki. Fundi mwenzangu akaangusha jiriwa chini, pwaa, mtoto akageuka fasta. Basi tukasema anasikia huyo ila hatutaki tu. Lakini yule fundi ni mtu wa kuchunguza, akawa anamwita kwa sauti ya kawaida mara akiwa nyuma yake mara akiwa mbele, na kila akiwa mbele mtoto anaitika kwa kumtazama mdomo. Mdomo, sio macho. Akaniambia kaka mtoto wako anasoma midomo. Nilijisikia vibaya, maana hiyo kandambili yote niliyompiga ilikuwa ni kwa sababu "nimemwita hajaja".

Hospitali daktari alimulika masikio kwa kile kitochi chao, akasema kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio, yote mawili. Akaniuliza kama anapata mafua mara kwa mara nikamwambia mafua ndo shati lake. Akanieleza vizuri sana kwamba mafua yakiwa hayaishi, kile kijinjia cha kutoka nyuma ya pua kwenda sikioni kinaziba, maji yanatuama, mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji, kishindo anakipata ila maneno yanamfikia yamevurugika, na siku nyingine anasikia afadhali kidogo ndo maana nyumbani mnadhani anafanya makusudi. Hayaumi sana kwaiyo hashiki sikio. Akasema mengi ya namna hii yanakauka yenyewe ndani ya miezi mitatu, tusubiri turudi apimwe, yasipokauka kuna njia nyingine. Hakuna sindano, hakuna wembe. Na udata hana, ulimi aliuangalia.

Nesi aliyekuwa pale ndo alituelewesha kuhusu viatu. Alisema mtoto wa umri huo kumlilia mama ni kawaida, huanza kwenye miezi minane hivi na inaweza kurudi tena kwa nguvu akikaribia miaka miwili, na ukimtoroka unamfundisha kwamba mama anaweza kupotea saa yoyote, kwaiyo lazima alindwe. Kumbe kukalia viatu ilikuwa akili kabisa. Sasa mama yake anamuaga, anachuchumaa mbele yake ili auone mdomo, anamwambia naenda kazini narudi jua likizama, anavaa viatu mbele yake, anaondoka. Siku za kwanza alilia kuliko mwanzo nisiwadanganye, mke wangu alilia hadi stendi. Siku hizi analia mpaka mama akikata kona ya duka la Mangi, alafu anaenda mwenyewe kwa bata.

Akijibwaga chini pia tumebadilika, sio kwamba tumekuwa watakatifu. Nakaa chini karibu nae, natoa vya kuumiza, naweka mkono chini ya kisogo, sisemi sana. Akipungua namwambia "ulitaka maji", namwonyesha na ishara ya kunywa. Tumemtengenezea ishara saba nane za nyumbani, maji, kula, beba, choo, nje, imeisha, kama lugha ya wavuvi wanavyoonyeshana kwa mbali. Wengine wanasema mtoto ataridhika na ishara asiongee tena, daktari alisema hapana, na mi naona kinyume, maana ile "ta" imeshaanza kugawanyika, maji yamekuwa "maya". Hasira hazijaisha. Jana kaning'ata bega kwa ajili ya penseli.

Sasa Mhariri, hoja yangu iliyonifanya nichukue kalamu ni hii. Kliniki tulienda kila mwezi, kadi yake ni safi, mstari uko kwenye kijani tangu mwanzo, chanjo zote. Na kwa watoto wadogo ile chanjo ya surua na rubela ya miezi kumi na nane ndo ya mwisho, ukishaipata watu wanaona wamemaliza, kadi inaenda kulala chini ya godoro, ingawa kupima uzito inatakiwa mpaka miaka mitano. Hebu angalia, ni hapo hapo baada ya miezi kumi na nane ndo maneno yanatakiwa yaongezeke, afike miaka miwili akiunganisha mawili mawili, mama njoo, taka uji. Yani tunaacha kliniki wakati ule ule maswali ya maana yanapoanza. Na hata tulipokuwa tunaenda, katika miezi yote hiyo tuliulizwa uzito, tuliulizwa maziwa, tuliulizwa chandarua. Siwalaumu manesi, foleni naiona, wawili kwa akina mama themanini. Lakini swali moja tu, "ukimwita kwa nyuma anageuka?", lina sekunde ngapi? Mizani yenyewe inachukua muda zaidi ya hapo kumvua mtoto nguo.

Serikali yenyewe hili inalijua. Desemba 2021 ilizindua programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, jina lake refu kama treni, ya watoto mpaka miaka minane, na mle ndani kuna kitu wanakiita malezi yenye mwitikio. Mi nimekipenda hicho kwa sababu kiswahili chake kinaeleweka, ukiitwa uitike. Mtoto wangu alikuwa anaita kwa namna zote alizonazo, kwa viatu, kwa kisogo, kwa kung'ata, na sisi tunamjibu kwa kandambili.

Kwa hiyo nawaomba wahusika swali hilo liingie kwenye kadi, na lile la "ananyoosha kidole kukuonyesha kitu?", na lile la "kuna neno alikuwa nalo likapotea?", maana hilo la tatu nimeambiwa ndo la kukimbia nalo hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe. Na wazazi kadi itoeni chini ya godoro.

Na yule ndugu msomaji wa fimbo, sina ugomvi nae. Tukikutana kwenye daladala ya Mbagala mtoto akiwa amejibwaga kwenye korido, naomba anisaidie kushika begi tu, mi mikono yote miwili itakuwa chini ya kisogo.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam